Nyumba 500 kwa mwaka: kisa cha mji uliotaka kukua polepole

## Kuhusu kisa hiki

Mwaka 1972 Petaluma, mji mdogo wa jimbo la California, Marekani, uliamua kwamba nyumba zinazojengwa kwa miradi ndani ya mji zisizidi 500 kwa mwaka. Wajenzi wakaenda mahakamani. Mji ulishindwa, ukakata rufaa, ukashinda, na hadi leo hukumu hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria na wa mipango miji. Jina la mji nimelibakiza kwa sababu kesi ilikuwa ya hadhara. Majina ya wenye mashamba, kampuni, madiwani na watumishi nimeyaondoa.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama ugomvi juu ya ile namba, 500. Kwa maoni yangu namba ilifanya kazi ndogo kuliko vyote. Kazi kubwa ilifanywa na karatasi ya alama ambayo kila mradi ulipaswa kuipita. Tatizo kubwa nalo lilikuwa kwa watu ambao hawakuwa na kiti katika kikao chochote, yaani wale waliotaka kuhamia.

## Mji wenyewe

Petaluma iko kusini mwa kaunti ya Sonoma, kama kilomita 64 kaskazini mwa San Francisco, kando ya mto wenye jina lilelile. Kwa miaka mingi mji uliishi kwa kuku. Mashine ya kutotolea mayai iliyofanya ufugaji huo kuwa biashara kubwa ilibuniwa hapo mwaka 1879, na mwanzoni mwa karne ya 20 wenyeji walijisifu kuwa wao ndio kapu la mayai la dunia. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 10,315. Ulijitegemea: watu walifanya kazi, walinunua na kuzikana humohumo.

Kilichoubadilisha ni barabara. Katika miaka ya 1950 barabara kuu ya 101 ilijengwa upya kuwa ya njia nyingi, ikapita mashariki ya mji wa kale. Mfanyakazi wa San Francisco au San Rafael aliyekuwa akishindwa bei za nyumba za huko aligundua kwamba akivumilia mwendo mrefu kidogo asubuhi na jioni, Petaluma anaweza kununua nyumba yenye uwanja. Kufikia 1970 watu walikuwa 24,870.

Barabara iliugawa mji pande mbili. Magharibi kulibaki mji wa kale: nyumba za mbao za karne ya 19, maduka ya katikati ya mji yaliyosalimika tetemeko kubwa la 1906, mitaa ambayo kila mtu anamjua mwenzake. Mashariki, kwenye tambarare iliyokuwa ya malisho na mabanda ya kuku, nyumba mpya zilipandwa kwa safu. Baraza la mji lilipokuja kufanya hesabu liliona kwamba kati ya 1960 na 1970 viwanja vilikuwa karibu vyote vya ukubwa mmoja, futi za mraba 6,000, yaani mita za mraba 560 hivi, vimechorwa kwa mistari iliyonyooka. Asilimia 88 ya vibali vya nyumba vya muongo huo vilikuwa vya nyumba za familia moja zilizosimama peke yake. Nyumba za kupanga na maghorofa ya bei ya kati upande wa mashariki zilikuwa chache mno.

Takwimu hiyo ya mwisho ina uzito, kwa sababu watetezi na wapinzani wa mpango wote huisahau. Mji huu haukuanza kubagua kwa bei mwaka 1972. Soko lisilo na ukomo wa nyumba lilikuwa tayari limejenga mji wa aina moja ya nyumba, kwa mtu wa aina moja ya kipato, mwenye gari.

## Miaka miwili iliyowatisha

Kwa muda mrefu ongezeko lilikuwa la kustahimilika. Nyumba zilizokamilika mwaka 1964 zilikuwa 270. Mwaka 1967 zilikuwa 234, na mwaka 1969 zikawa 358. Kisha mwaka 1970 zikapanda hadi 591, na mwaka uliofuata 891. Katika miaka hiyo miwili wajenzi walipata vibali 2,000, na hadi mwisho wa 1971 walikuwa wamemaliza nyumba 1,482. Maana yake ni kwamba zaidi ya nyumba 500 nyingine zilikuwa njiani, na mji haukuwa na la kufanya kuzizuia. Kwa makadirio yasiyo rasmi ya Novemba 1972, watu walikuwa wameshafika 30,500, karibu robo zaidi ya sensa ya miaka miwili nyuma.

Uzito huo ulionekana kwanza shuleni. Upande wa mashariki watoto walianza kusoma kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Mtambo wa majitaka ukawa unakimbizana na nyumba mpya. Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza anaweza kutabasamu kusikia kwamba zamu za shule ziliwatia watu kiwewe, lakini mzazi aliyekuwa amelipa mkopo wa nyumba akitarajia shule hakutabasamu.

## Waliyoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimama. Mapema 1971 baraza lilisitisha kwa muda ujenzi mpya na mabadiliko ya matumizi ya ardhi ili maofisa wake wapate nafasi ya kufikiri. Wananchi waliulizwa maoni kwa dodoso na mikutano ikafanyika. Nalipongeza hili bila kigugumizi. Halmashauri nyingi hupanga huku zikiendelea kutoa vibali, na mpango unapokamilika ardhi iliyopangwa imeshajengwa.

Mwaka 1972 baraza likapitisha maazimio kadhaa ambayo kwa pamoja yakaitwa Mpango wa Petaluma, wa miaka mitano hadi 1977. Lengo lililoandikwa lilikuwa kulinda hali ya mji mdogo na ardhi ya wazi inayouzunguka, kwa kudhibiti kasi na mtawanyiko wa ukuaji. Ndani yake kulikuwa na mambo manne, na hayakuwa na uzito sawa.

La kwanza ni ukomo wa nyumba 500 kwa mwaka, kila nyumba ikikadiriwa kuwa ya watu watatu. Ukomo huu ulihusu miradi ya nyumba tano au zaidi tu. Mtu anayejijengea nyumba yake, au anayejenga jengo dogo la familia nne, hakuguswa. Msamaha huo ulikuwa wa makusudi: waliolengwa ni wenye miradi mikubwa, wanaonunua shamba zima na kulipima, na mkazi wa kawaida hakupaswa kuona mkono wa serikali mlangoni kwake.

La pili ni ukanda wa kijani wa upana wa futi 200, kama mita 60, kuzunguka mji, uwe kikomo cha upanuzi kwa miaka mitano angalau, na upande wa mashariki na kaskazini kwa miaka 10 hadi 15 huenda. La tatu ni mgawanyo: vibali vigawanywe kwa usawa iwezekanavyo kati ya magharibi na mashariki, na kati ya nyumba za familia moja na nyumba za familia nyingi, zikiwemo za kupangisha. Maeneo ya karibu na katikati ya mji yajengwe kwanza ili mapengo yajazwe. Na asilimia 8 hadi 12 ya nyumba zitakazoidhinishwa ziwe za watu wa kipato cha chini na cha kati.

La nne ndilo ninalotaka tulitazame kwa karibu: utaratibu wa kuzipata hizo nyumba 500. Kila mwaka wajenzi waliwasilisha miradi yao, na bodi iliyokuwa na wananchi ndani yake iliipa alama. Hatua ya kwanza ilihusu huduma. Je, bomba la maji lililopo linatosha mradi huu? Majitaka? Mifereji ya mvua? Gari la zimamoto linafika? Shule ina nafasi? Barabara itabeba? Kila swali lilikuwa na alama 0 hadi 5, jumla 30. Mradi ulioshindwa kufikisha 25 ulitupwa nje hapohapo, hata kama ramani zake zilikuwa nzuri kiasi gani. Uliovuka ndipo ukaangaliwa hatua ya pili: ubora wa usanifu, maeneo ya kuchezea, njia za miguu, nyumba za watu wa kipato kidogo, kufuata mpango wa jumla wa mji.

Tazama hilo 25 kati ya 30 lina maana gani. Mjenzi hawezi kufidia ukosefu wa shule kwa kupanda miti mingi zaidi. Huduma ilikuwa mlango, na uzuri ulikuja baadaye. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kupitia ramani anajua jinsi mambo haya mawili yanavyochanganywa, na jinsi picha ya rangi iliyobandikwa ukutani inavyoweza kufunika mfereji usiokuwepo.

## Mahakamani

Chama cha wajenzi na wenye ardhi wawili walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba mpango unavunja haki ya kikatiba ya mtu kwenda na kuishi popote nchini. Mwaka 1974 mahakama ya wilaya iliwakubalia. Jaji alikuta kwamba ukomo wa 500 ulikuwa kati ya theluthi na nusu tu ya mahitaji ya soko. Kisingizio cha mji kwamba maji hayatoshi hakikumshawishi, kwa kuwa mji wenyewe ndio ulioingia mkataba wa kununua maji yanayotosha watu 55,000 tu. Ukiamua mwenyewe kisima kiwe kidogo, huwezi kuja kulalamika kwamba maji hayatoshi.

Ushahidi mwingine uliotolewa ulikuwa mzito zaidi. Kama miji yote ya ukanda wa San Francisco ingeiga mpango huu, kati ya 1970 na 1980 ukanda ungepungukiwa na nyumba 105,000 hivi, robo ya zilizohitajika. Wa kuumia wangekuwa wenye kipato cha dola 14,000 kwa mwaka na chini yake.

Mwaka 1973, kabla ya hukumu hiyo, wapiga kura wa Petaluma walikuwa wameuunga mkono mpango kwa kura nyingi. Mji ukakata rufaa.

Agosti 1975 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu. Kwanza ilisema wajenzi na wenye ardhi hawana nafasi ya kudai haki ya kuhama kwa niaba ya watu wasiojulikana ambao huenda wangependa kuhamia Petaluma. Hasara yao wenyewe wangeweza kuilalamikia, na waliilalamikia. Lakini hapo mahakama iliona kwamba kulinda hali ya mji mdogo, ardhi ya wazi na ukuaji wa hatua kwa hatua ni sehemu halali ya ustawi wa umma. Ilikiri kwamba baadhi ya watu watafungiwa nje. Ikaongeza kwamba mpango ule uliongeza nyumba za familia nyingi na za kipato cha chini, ambazo kabla yake zilijengwa kwa nadra. Kama utaratibu wa kuiachia kila halmashauri mamlaka ya kupanga ardhi unaumiza ukanda mzima, mahakama ilisema, hilo ni la bunge la jimbo kulitengeneza. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi.

## Kilichofuata

Sensa ya 1980 ilikuta watu 33,834. Mwaka 1990 wakawa 43,184, na mwaka 2000 wakawa 54,548. Wale 55,000 ambao mji ulikuwa umewatarajia kufikia 1985 walikuwa karibu kutimia, miaka 15 baada ya tarehe. Mwaka 1998 wapiga kura waliweka mpaka rasmi wa ukuaji wa mji, mrithi wa ule ukanda wa kijani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 59,776.

Kilomita chache kaskazini, kando ya barabara ileile ya 101, upo mji wa Rohnert Park. Mwaka 1970 ulikuwa na watu 6,133. Mwaka 1980 ulikuwa na 22,965.

## Uchambuzi

Namba haikubana kama inavyodhaniwa. Chukua hesabu ya mji wenyewe: nyumba 500 mara watu watatu ni watu 1,500 kwa mwaka. Kutoka 1972 hadi 1980 mji ungeweza kuongezeka watu 12,000 bila kuvunja ukomo. Uliongezeka kwa 3,300 hivi. Hata ukikubali kwamba makadirio ya 1972 yalikuwa ya juu, pengo ni kubwa. Familia zilikuwa zinapungua ukubwa, uchumi wa Marekani ulidorora katikati ya muongo huo, na kesi yenyewe iliwakatisha tamaa wenye mitaji. Mjenzi akiangalia karatasi ya alama ya Petaluma upande mmoja na shamba la Rohnert Park upande mwingine hakuhitaji kukokotoa sana. Gharama ya kusubiri na kutojua kama utapita ilimfukuza kabla ukomo haujamfikia.

Kilichofanya kazi ni kubadilisha swali. Kabla ya 1972 ofisi ya mipango iliuliza kama ramani inafuata kanuni. Baada yake ikauliza kama mji unaweza kuihudumia nyumba hiyo siku itakapokaliwa. Zaidi ya hapo, wajenzi walishindanishwa wao kwa wao, kwa hiyo mji ulipata maeneo ya wazi na njia za miguu bila kutoa fedha. Katikati ya mji napo palinusurika. Atembeaye leo katika mitaa ya kale ya Petaluma anaona mji ambao majirani zake wengi wa barabara ya 101 hawana, na tangu 2017 treni ya abiria inasimama hapo karibu. Kujaza mapengo kabla ya kumeza mashamba kulileta hilo.

Kilichoshindikana ni bei. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis waliilinganisha Petaluma na Santa Rosa, mji jirani usiokuwa na udhibiti kama huo. Waliona bei za nyumba mpya za Petaluma zilipanda zaidi, na sehemu ya nyumba za bei ya kati ikapungua. Lile sharti la asilimia 8 hadi 12 halikutosha kufidia, na ukilifikiria haliwezi kutosha. Ukipunguza jumla ya nyumba huku ukitenga sehemu ya kumi kwa wenye kipato kidogo, unawabana wale wa katikati: mwalimu, muuguzi, fundi, ambaye kipato chake kimezidi kiwango cha nyumba za punguzo na hakifikii bei ya soko. Wajenzi nao, wakishindania alama za usanifu, walijenga nyumba kubwa na nzuri zaidi, kwa sababu alama zilielekea huko na faida pia.

Hakuna aliyewawakilisha wasiokuwepo. Dodoso lilijazwa na wakazi. Kura ilipigwa na wakazi. Bodi ya alama ilikaliwa na wakazi. Mahakamani wahamiaji walisemewa na wajenzi, ambao walikuwa na sababu zao, na mahakama ikasema hao hawawezi kuwasemea. Kwa kanuni za mashtaka hukumu ya rufaa naiona ni sahihi, lakini ilibakiza swali lenyewe bila mtu wa kulijibu. Iliwarejesha kwa bunge la jimbo, na California ilichukua miongo kadhaa kabla ya kuanza kuzibana halmashauri zake kwa dhati kuhusu idadi ya nyumba. Wakati huo ilikuwa imeshakuwa miongoni mwa sehemu ghali kuliko zote nchini Marekani kununua nyumba. Petaluma haikusababisha hilo peke yake, wala karibu na hapo. Ilitoa tu mfano ambao miji mingi iliuiga kwa kuchukua ukomo na kuacha karatasi ya alama.

Kama ungepelekwa kwetu. Huulizwa mara kwa mara kwa nini miji yetu isiweke ukomo kama huo. Ukomo wa Petaluma ulishika kwa sababu bila kibali hakuna benki inayokukopesha, hakuna bomba la majitaka linalokupokea, na nyumba haiuziki. Tena uligusa miradi ya nyumba tano na kuendelea. Katika miji mingi ya Tanzania nyumba hujengwa moja moja, na mwenyewe, kwa miaka, tofali kwa tofali, kwenye kiwanja kilichokatwa kutoka shamba la mtu na kushuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Umeme utavutwa hata kama kibali hakipo, na siku moja mtaa mzima utaingia kwenye urasimishaji. Kanuni ya nyumba tano ingewakosa karibu wote, na ukomo unaowahusu wote ungeongeza ujenzi holela tu, kwa kuwa njia ya halali ingekuwa imezibwa na ya pembeni iko wazi.

Ile hatua ya kwanza ya alama, hata hivyo, inahamishika. Haihitaji ukomo wala mahakama. Halmashauri inayopima viwanja vipya inaweza kujiuliza maswali yaleyale sita kabla ya kutangaza kuviuza, na kukataa kuviuza hadi maji na barabara vifikie alama iliyowekwa. Pale Dar es Salaam, mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulitoa viwanja vilivyopimwa vizuri, na baadhi ya maeneo ya mbali yalikaa miaka mingi yakiwa vichaka kwa sababu huduma zilichelewa na wanunuzi wengi walikuwa wanahifadhi fedha kwenye ardhi. Ugumu ni kwamba hapa anayepewa alama na anayetoa alama ni ofisi moja, na fedha za viwanja zimeshaingizwa kwenye bajeti ya mwaka. Kwa hiyo ningeanza na suala la nani akae kwenye hiyo bodi, na ningehakikisha angalau watu wawili wanaoishi nyumba za kupanga wamo.